Kufundisha Usimamizi wa Mionzi katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa mada ambazo walimu wanafunzi huziogopa wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mada ya mionzi haina mshindani. Wengi huiruka, au huipitia mbio mbio siku ya Ijumaa kipindi cha mwisho, kengele ikiwa karibu kulia. Wachache huifundisha, na miongoni mwao wapo wanaoifundisha kwa namna ambayo ingekuwa heri wangaliiruka. Nasema hivyo bila kumsuta mtu, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilipitia mikononi mwangu, na andalio la somo lile lina saini yangu.

Ilikuwa katika shule moja iliyo mtelemkoni juu ya Soni. Mwalimu mwanafunzi, kijana hodari mwenye sauti nzuri na mwandiko safi ubaoni, alichora ile alama ya mabawa matatu meusi juu ya rangi ya njano, kisha akawaambia watoto: "Mkiiona alama hii, kimbieni. Huko ndani kuna kifo kisichoonekana." Darasa lilinyamaza kimya, naye akadhani kunyamaza kule ni kuelewa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, nikampa maksi nzuri za zana za kufundishia.

Wiki mbili baadaye mtoto mmoja wa darasa lile alianguka kutoka juu ya mparachichi, akavunjika mkono. Alipofikishwa hospitalini aliiona alama ile ile mlangoni mwa chumba cha eksirei, akang'ang'ania fremu ya mlango kwa mkono uliokuwa mzima, akakataa katakata kuingia. Mama yake, ambaye hajapata kuelezwa neno lolote juu ya alama hiyo, aliamini kwamba mwanawe amefundishwa shuleni jambo la kweli. Akamrudisha nyumbani, akampeleka kwa fundi wa kuunga mifupa. Mkono ulipona, ila umepinda.

Makala haya yametokana na mkono ule. Nataka kuonyesha kwamba mada hii haifundishiki iwapo tutamkabidhi mtoto vitu viwili tu, yaani mionzi na hofu. Kipo kitu cha tatu, nacho ndicho kinachosahauliwa katika maandalio yetu mengi: kwamba nyuma ya mlango wenye alama ile pana kibali cha serikali, pana daftari, na pana mkaguzi, na kwamba hatari kubwa kabisa zilizopata kuwafika raia wa kawaida zilianza pale kimojawapo cha vitu hivyo kilipokosekana. Hilo mtoto wa darasa la sita anaweza kulielewa vizuri sana, kuliko hata anavyoweza kuielewa mionzi yenyewe.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

Mionzi si kitu kilicholetwa na viwanda. Miamba ya Usambara ina chembe chache za urani na thori, kama ilivyo miamba ya kila mahali. Na kutoka angani mionzi hutunyeshea usiku na mchana. Mtoto wa Lushoto, kwa kuwa anaishi kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, hupata mionzi ya angani kidogo zaidi kuliko mtoto wa Tanga mjini anayeishi usawa wa bahari, nayo tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi cha kutomhangaisha mzazi yeyote. Kipimo kinachotumika ni milisiveti. Kwa wastani, mwanadamu popote duniani hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili. Picha moja ya eksirei ya mkono humpatia mgonjwa takriban elfu moja ya milisiveti, yaani kiasi ambacho angekipata kwa saa chache akiwa amekaa nyumbani kwao akimenya viazi. Yule mtoto wa mparachichi alipoteza unyofu wa mkono wake kwa kuogopa kitu kidogo namna hiyo.

Jambo la pili ni tofauti baina ya mashine na chanzo. Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu inapopewa umeme na mhudumu akabonyeza kitufe. Umeme ukikatika, na sote tunajua jinsi unavyokatika huku milimani nyakati za mvua, mashine ile huwa kabati la chuma tu. Chanzo cha mionzi hakiko hivyo. Kipande cha kobalti au cha siziamu kinachotumika kutibu saratani au kupima mabomba ya viwandani hakina kitufe cha kukizima. Hutoa mionzi mchana na usiku, kikiwa kazini au kikiwa stoo, na huendelea kutoa baada ya mwenyewe kustaafu, baada ya kiwanda kufungwa, na baada ya jengo kubomolewa. Kwa sababu hiyo serikali hulazimika kukijua kila chanzo kwa namba yake, tangu kinapoingia bandarini mpaka kinapozikwa.

Kisha ziko alama, ambazo ni mbili, ingawa vitabu vyetu vingi vinaonyesha moja tu. Ile ya njano yenye mabawa matatu husema: hapa pana mionzi, na yupo mtu aliyeidhinishwa kuishughulikia, msikilize. Ya pili ilitolewa mwaka 2007 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ni pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa lenye mifupa miwili, na mtu anayekimbia. Kabla ya kutolewa ilijaribiwa kwa watu wa kawaida katika nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, kwa kuwa ilikuwa imedhihirika kwamba wasiosomea mambo haya hawaoni hatari yoyote katika ile ya mabawa matatu. Hii nyekundu haiwekwi mlangoni. Huwekwa ndani ya chombo chenyewe, karibu na chanzo, mahali ambapo mtu hataiona ila kama ameanza kukifungua chombo asichostahili kukifungua. Mwalimu mwanafunzi wangu, kwa ufupi, aliichora alama ya kwanza akaipa maneno ya alama ya pili.

Neno "usalama" nalo linahitaji kuangaliwa. Katika Kiswahili tunalitumia kwa mambo mawili ambayo wasimamizi wa mionzi huyatenganisha. Moja ni kuwakinga watu na mionzi. Lingine ni kuikinga mionzi na watu, yaani wezi, wachokozi na wadadisi. Nimezoea kuliita la kwanza usalama na la pili ulinzi, na nawashauri walimu wanafunzi wafanye hivyo ili watoto wasichanganyikiwe. Ukuta mzito wa chumba cha eksirei ni usalama. Kufuli ya stoo na daftari la funguo ni ulinzi. Jijini Kinshasa, ambako mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika uliwashwa mwaka 1959, fimbo za fueli ziliibwa katika miaka ya 1970, na moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998. Mtambo haukulipuka wala haukuvuja. Kilichokosekana ni ulinzi.

Vyuma chakavu

Mwalimu anaweza kuuliza: haya yote yanamhusu nini mtoto wa Mlalo au wa Bumbuli, ambaye hajapata kuona kiwanda cha saruji, sembuse mtambo wa nyuklia? Jibu limo katika viroba wanavyobeba watoto siku za Jumamosi. Katika vijiji vingi vya Lushoto watoto huokota vyuma chakavu: sufuria zilizotoboka, majembe yaliyoisha, vipande vya mabati, betri za magari. Huvipeleka kwa mnunuzi mwenye mizani kando ya barabara, naye huvishusha Mombo kwa lori, na kutoka hapo huenda kuyeyushwa mijini. Mtoto hupata fedha ya daftari au ya andazi. Sioni haja ya kuwakemea. Lakini ieleweke kwamba kwa njia hiyo watoto hawa wamo katika mkondo ule ule ambao, mahali pengine duniani, ulibeba chanzo cha mionzi kilichopotea.

Habari hiyo ni ya mji wa Goiânia, Brazili, nami husisitiza ifundishwe kwa ukamilifu, si kwa kutajwa jina tu. Zahanati moja binafsi ya kutibu saratani ilihama jengo lake mwishoni mwa mwaka 1985, ikaiacha nyuma mashine yenye siziamu-137, wala haikuwaarifu wenye mamlaka ya kutoa vibali kama ilivyopasa. Jengo likabomolewa kwa sehemu, likabaki gofu. Tarehe 13 Septemba 1987 vijana wawili waliokuwa wakitafuta vyuma waliingia, wakakitoa kile chombo kizito, wakakipeleka nyumbani kwa toroli, baadaye wakamwuzia mwenye duka la vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga uliokuwa uking'aa gizani kwa rangi ya buluu. Mwenye duka aliustaajabia, akawaita ndugu na majirani waje kuutazama, akawagawia vipande vidogo kama punje za mchele. Mpwa wake wa kike, mwenye umri wa miaka sita, aliuchezea kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Watu wakaanza kutapika na kuharisha. Waganga wakadhani ni chakula kibovu. Aliyeunganisha mambo alikuwa mke wa mwenye duka, mwanamke asiye na elimu yoyote ya fizikia: aliona kwamba kila aliyekaribia kitu kile ameugua, na tarehe 28 Septemba akakitia mfukoni, akapanda basi pamoja na mfanyakazi mmoja wa duka, akakipeleka ofisi ya afya na kuwaambia kwamba kitu hiki kinawaua watu wake. Kesho yake mtaalamu akaja na kipimo, ndipo ilipojulikana. Watu wapatao 112,000 walipimwa. 249 walikutwa na uchafu wa mionzi mwilini au katika nguo. Wanne walikufa katika muda wa wiki chache, wakiwemo yule mama na yule binti, ambao walifariki siku moja, tarehe 23 Oktoba.

Unga wote ule ulikuwa na uzito wa gramu zipatazo 93, kiasi kinachoweza kuenea katika kiganja. Ili kuusafisha mji, nyumba zilibomolewa, udongo ukachimbwa na kuchukuliwa, samani, nguo na hata wanyama wa kufugwa wakaondolewa. Taka zilizopatikana zilikuwa na ujazo wa mita za mraba mara kimo, yaani mita za ujazo, zipatazo 3,500, nazo zimewekwa mahali maalumu nje ya mji. Watoto wakokotoe wenyewe: darasa letu lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 144. Madarasa mangapi yangejazwa mpaka darini? Yanakuwa 24 na zaidi. Shule nyingi za wilaya yetu hazina madarasa mengi kiasi hicho.

Baada ya kusimulia, mwalimu asikimbilie kuuliza "Tumejifunza nini?" Aulize: "Ni nani aliyetakiwa kuandika barua, na hakuiandika?" Swali hilo huwarudisha watoto mwaka 1985, siku ya kuhama, wakati ambapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Serikali inavyosimamia

Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, mwaka 1976. Sheria ya Kinga ya Mionzi, Namba 5 ya 1983, ndiyo iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kwa Sheria ya Nguvu za Atomu, Namba 7 ya 2003, tume ambayo ina maabara zake huko Njiro, Arusha. Tarehe hizi mwalimu azijue, lakini sioni faida ya kuwakaririsha watoto. Kinachofaa wakijue ni kazi yenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kuingiza nchini, kumiliki, kutumia, kusafirisha wala kutupa chanzo cha mionzi pasipo kibali. Wakaguzi huenda hospitalini, viwandani na migodini kuangalia kama kuta zinazuia, kama mashine imepimwa, na kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Wafanyakazi huvaa kifuani kifaa kidogo kinachohesabu mionzi waliyoipata, nacho hupelekwa kusomwa kila baada ya muda. Vyanzo vilivyokwisha kazi hukusanywa na kuhifadhiwa katika ghala maalumu Arusha, ili visije vikaachwa katika gofu lolote.

Mwalimu wa mkoa wetu ana mfano wa karibu, tena wa kujivunia. Mjini Tanga, katika iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Mbung'o na Malale, mbung'o walifugwa kwa mamilioni, madume yakahasiwa kwa mionzi ya gama, kisha yakapelekwa Unguja kwa ndege na kumwagwa juu ya misitu na mashamba. Jike akikutana na dume aliyehasiwa hazai. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 yaliachiwa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na ng'ombe wa Unguja wakaokoka na nagana. Kazi ile ilifanywa kwa vyanzo visivyozimika, katikati ya mji wa watu, na watu wa Tanga wakaendelea kuvua na kuuza samaki wao. Namweka mbung'o wa Unguja kando ya Goiânia kwa makusudi. Mionzi ni ile ile.

Mazoezi matatu ya darasani

Kanuni za kujikinga na mionzi ni muda, umbali na kizuizi. Mtoto wa Lushoto anazijua tayari kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai: akikaa muda mrefu mbele ya jiko la mkaa miguu humchoma, akisogea nyuma hupoa, na nyanya yake akikaa mbele yake joto halimfikii. Mwalimu aanzie hapo. Lakini akiri mapema kwamba mfano huu una kasoro, kwani moto humwonya mtu papo hapo, ilhali mionzi haina joto la kumwonya wala harufu. Mfano usiotajwa kasoro yake huja kumpotosha mtoto baadaye.

Ili kuonyesha nguvu ya umbali, funga madirisha, washa koroboi, na simamisha mbele yake, kwa umbali wa sentimita 20, karatasi ngumu yenye tundu la mraba la sentimita 2 kila upande. Weka karatasi nyeupe kwenye umbali wa sentimita 40 kutoka koroboi. Mwanga utakaoonekana ni mraba wa sentimita 4 kila upande, hivyo mwanga ule ule umegawanywa katika eneo mara nne. Sogeza karatasi hadi sentimita 60, nao utagawanywa mara tisa. Kingo za mraba zitafifia kidogo kwa sababu mwali wa koroboi ni mpana, usihangaike nazo. Watoto wenyewe watasema kwamba kurudi nyuma hatua moja kunafaa kuliko walivyodhani.

Zoezi la pili linahusu jinsi chanzo kinavyopungua nguvu. Kusanya vizibo 64 vya soda, vitikise katika ndoo, vimwage sakafuni, na uondoe vyote vilivyolala kifudifudi. Vinavyobaki, takriban nusu, virudishe ndooni, umwage tena. Watoto wachore ubaoni: 64, 32, 16, na kuendelea, kwa hesabu walizozipata wao, si zile ulizozitarajia wewe. Kila mmwago ni nusu-uhai mmoja. Kwa kobalti-60 mmwago huo huchukua miaka 5 na kidogo. Kwa siziamu-137 ni miaka 30. Siziamu iliyomwagika Goiânia mwaka 1987 ilikuwa imemaliza mmwago wake wa kwanza tu ilipofika 2017. Kwa urani yenyewe mmwago mmoja ni miaka bilioni 4.5, na hapo ndoo ya mwalimu inashindwa.

Zoezi la tatu ndilo nilipendalo, nalo halina fizikia hata chembe. Tulilifanya katika shule ya mazoezi kwa majuma mawili. Majembe 30 ya shule yaliandikwa namba kwa rangi, likafunguliwa daftari: namba ya jembe, aliyelichukua, aliyelirudisha, sahihi. Juma la kwanza darasa la sita walilima na kujikagua wenyewe. Siku ya Jumatatu jioni, watoto wasijue, tulilificha jembe namba 17 nyuma ya jiko la walimu. Jumanne daftari liliandikwa "majembe 30, yote yapo". Jumatano vivyo hivyo, na Alhamisi, na Ijumaa. Hakuna aliyeiba wala aliyekusudia kusema uongo. Kila kiranja alinakili hesabu ya jana kwa kuwa ya jana ilikuwa sawa.

Juma la pili jembe namba 17 lilibaki pale pale, ila ukaguzi ukapewa darasa la tano, ambao hawakuwa na shamba wala sababu ya kupendezesha hesabu, na ambao waliruhusiwa kuja siku yoyote bila taarifa. Walikuja Jumanne. Katika dakika kumi likajulikana.

Katika majadiliano yaliyofuata, mwalimu awaache watoto waseme wenyewe kwa nini darasa la tano waliona ambacho darasa la sita hawakukiona. Hapo ndipo zahanati ya Goiânia inapaswa kurudishwa ubaoni: chombo kile nacho kilikuwa jembe namba 17. Na kwa kuwa sisi walimu tunajua shule inavyofagiwa siku moja kabla ya mgeni wa ukaguzi kufika, tusione haya kuwaeleza watoto kwamba hata watu wazima hujipanga wakijua mkaguzi anakuja. Ndiyo maana mkaguzi mzuri huja kama darasa la tano walivyokuja.

Anayetumia na anayekagua

Katika kipindi kile mtoto mmoja wa kike aliuliza swali ambalo mwalimu mwanafunzi hakuwa ameliandalia jibu: "Je, wakiwa ni watu wale wale?" Alikuwa akiuliza juu ya majembe, lakini swali hilo limezisumbua serikali kubwa. Marekani ilikuwa na tume moja iliyokuza matumizi ya nyuklia na papo hapo kuyadhibiti. Mwaka 1974 Bunge lao likaamua igawanywe, kukuza kukapelekwa kwingine na kudhibiti kukapewa tume nyingine. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2019, iliunda mamlaka ya udhibiti iliyo mbali na wakala wa kuendeleza nishati hiyo. Kwetu, Sheria ya 2003 iliipa Tume moja kazi zote mbili. Kwa nchi yenye mashine za hospitali na vyanzo vya viwandani, mpangilio huo unaweza kutosha, maana wataalamu ni wachache. Kwa maoni yangu unahitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi kadiri urani inavyoanza kuchimbwa, na sioni ubaya mwalimu kulisema hilo mbele ya wanafunzi wake, mradi aseme kuwa ni maoni.

Urani hiyo ipo Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Eneo la machimbo lilikuwa ndani ya mipaka ya Pori la Akiba la Selous, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipokubali mwaka 2012 mpaka usogezwe. Na mwaka 2025 ukazinduliwa huko mtambo wa majaribio wa kuchakata urani. Mgodi wa urani una tabia moja ambayo watoto wa ndoo na vizibo wataielewa: urani ikishachukuliwa na kuuzwa, mabaki ya mawe yaliyosagwa hubaki hapo hapo, yakiwa bado na radi, ambayo mmwago wake mmoja ni miaka 1,600. Kusafisha mahali pale si kufagia. Ni kufunika, kuzuia maji ya mvua yasipite, kupima visima vya chini, na kuendelea kupima baada ya wachimbaji kuondoka na barabara yao kuota majani. Nani atalipa upimaji wa mwaka wa mia? Swali hilo huulizwa kabla ya kibali kutolewa, wala si baadaye.

Wenzetu wanaosema Kiswahili huko Katanga wanalo jibu la aina nyingine. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Ulifungwa wakati wa uhuru wa Kongo, mwaka 1960, na mashimo yake kuzibwa. Miaka ikapita, wachimbaji wadogo wakarudi kwa maelfu kutafuta kobalti, kwa mikono mitupu, juu ya mawe yenye mionzi. Serikali ilipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 2004, na Julai mwaka huo huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu. Marufuku ilikuwepo. Darasa la tano ndilo halikuwepo.

Mtoto yule wa kike alistahili pia kuambiwa kwamba Tume yenyewe nayo hukaguliwa: hesabu zake na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwenendo wake na Waziri na Bunge. Mwalimu mwanafunzi alimjibu kwamba hajui, kwamba atatafuta, na kesho yake akamletea jibu. Safari hii maksi nilizompa sizijutii.

Namna ya kulipanga somo

Mada nzima ichukue vipindi visivyopungua vinne, na majuma mawili ya daftari la majembe yaendeshwe pembeni wakati wa kazi za mikono. Katika kipindi cha mwisho, watoto wafundishwe kwa vitendo la kufanya wakikuta kitu cha chuma kisicholingana na ukubwa wake kwa uzito, au chenye alama yoyote kati ya zile mbili, au kinachong'aa gizani: kutokigusa, kutokifungua, kutokiuza, kurudi nyuma hatua nyingi, kumzuia mdogo wake, na kumwita mtu mzima ambaye atapeleka habari kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi. Waigize mara mbili, mmoja akiwa mnunuzi wa vyuma anayeshawishi kwa fedha, kwani hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Kisha waigize mlango wa chumba cha eksirei: mtoto anasoma alama ya njano, anamwamkia mhudumu, anaingia, anatulia, anatoka. Mzazi mmoja au wawili wakialikwa kutazama itakuwa vema zaidi. Yule mama wa Soni hakuwa na mtu wa kumweleza.

Somo hili lipangwe katika azimio la kazi mwishoni mwa Mei, kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Juni. Katika majuma ya likizo watoto huwa na nafasi ya kutwa nzima ya kuokota, na lori la vyuma hupanda kutoka Mombo mara nyingi zaidi.